Joka la Saa ya Sindano

...haupo, nimegeuza na haupo, baada ya ukurasa wa mia mbili na kumi na moja kuna gamba la kitabu tu, gamba tupu lenye doa la chai, na mimi nimekwisha kutamka kwa sauti, tena kwa madoido, "Ndipo joka likafungua kinywa," na sasa kinywa kiko wazi, cha joka na changu, wanawake wanne wameinua sindano wananisubiri, saa ya ukutani inasema saa nane na dakika kumi, bado dakika ishirini nzima za kusoma na kitabu kimekwisha kabla ya kwisha... jana zilikuwapo, nakumbuka kabisa gundi ilivyoachia na karatasi za mwisho zikamwagika juu ya meza ya kukatia, nikasema kesho nitazibandika, nikaziacha palepale, mtu mzima na akili zangu naacha karatasi juu ya meza ya mkata nguo, "Mbona umenyamaza?" anauliza Inspekta, "Nameza mate," nasema, "Meza basi, joka limeachama," anasema, na Wifi anacheka puani bila kuinua macho kwenye pindo lake... saa ya sindano haina mashine, ndiyo sheria, cherehani zote huzimwa kwa sababu mapindo na vifungo ni kazi ya mkono, na penye kimya cha namna ile ama watu wasengenyane ama mmoja asome, tulisengenyana mwaka mzima tukaishiwa na watu, ndipo tukaanza vitabu, msomaji ni mimi kwa kuwa wanasema sauti yangu haikwaruzi, kazi yangu wananigawania wao, na kitabu huchaguliwa kwa zamu, wala hakuna ruhusa ya kukicheka kitabu cha mwenzio mpaka ukurasa wa thelathini, sheria hiyo aliitunga Bi Harusi baada ya kuonewa, kwa sababu zamu yake siku zote ni mapenzi, ameolewa mara mbili ameachika mara mbili na bado anaamini, akisikia kijana kaandika barua sindano yake inasimama, na Inspekta, ambaye kazi yake hapa ni kukagua kila nguo kabla haijatoka mlangoni, anataka upelelezi, ukimsomea anahesabu watu waliomo chumbani kama anavyohesabu vifungo, na Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeniingiza kazini na hachoki kunikumbusha, anataka hadithi yenye funzo, isiyo na funzo anasema ni uzi bila fundo, unavuta tu unatoka, na mimi, msomi wa watu, nataka vile vizito, vile ambavyo mtu mwema anakufa mwishoni na mvua inanyesha, nikifunga kitabu kama hicho najiona nimeongezeka kimo, wenzangu wananiuliza, sasa huyu kafa kwa faida ya nani, nami nawajibu kwamba hamjui fasihi.

Na Mama Mkasi, mkata nguo wetu, mkubwa wetu sote, miaka sita alikuwa anapisha zamu yake, "Nipiteni, miwani nimeiacha nyumbani," miaka sita miwani iko nyumbani na hakuna aliyewahi kuitia machoni, mpaka mwezi uliopita akaja na kitabu kilichokwisha kutumika, kakipenda kwa picha ya gamba, joka kubwa la kijani limejikunja limelala, akakiweka mbele yangu akasema, "Zamu yangu," na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuchekwa... Inspekta akasema, majoka tena, si tumeshakua, Wifi akauliza mtu anajifunza nini kwa nyoka mwenye mabawa, na mimi nilishusha pumzi, tena kwa sauti, nami ndiye ningepaswa kuwa na adabu, lakini ukurasa wa thelathini ulipofika na ruhusa ya kucheka ikawadia hakuna aliyecheka, kwa sababu lile joka limezeeka, miaka mia halijatema moto, watu wakiliomba moto linasema leo sijisikii, leo upepo mbaya, leo nimekula vibaya, na anayejua siri hiyo ni binti wa mhunzi peke yake, anayelipelekea maji kila asubuhi na hamwambii mtu, halafu ufunguo wa kisima cha mji ukaibwa, mwana wa mfalme akasema mwizi ni joka, akaja na jeshi zima mpaka mlangoni pa pango, na kijana mlinzi anayempenda yule binti yumo ndani ya jeshi hilo hajui asimame wapi, ndipo, ndipo joka likafungua kinywa... na Mama Mkasi tangu wiki iliyopita anasema joka hilo likifa yeye anahamia meza ya nyumba ya pili, anasema kwa utani, sisi tunacheka, lakini mkasi wake haucheki.

Na ziko wapi, karatasi nane kumi hivi haziwezi kutoka zenyewe na kwenda zao, natazama chini ya kiti, natazama kapu la vitambaa, natazama ukutani, na pale kwenye msumari wa violezo, vile vya kufuatishia kitambaa kinapokatwa, kimoja juu ya kingine, vimening'inia vifuko vipya vya karatasi, mifuko ya kifuani ya sare za shule zile tulizoanza leo asubuhi, imekatwa safi, pembe zake kama zimepigwa pasi, na ina maandishi, maandishi madogo ya kitabu, na kwenye ule wa juu kabisa naona mpaka kile kikucha kinachochorwa kila mwisho wa sura... Mama Mkasi siku zote anakata violezo kwa karatasi kuukuu, majarida, kalenda, chochote, amekuta karatasi mezani mwake akakata, basi, na angejua ni zipi, kwani jina la joka limeandikwa humo mara ishirini kwa herufi kubwa, angejua kama, hapana, funga bakuli lako, hata kwa kufikiri funga bakuli, kwa sababu nikisema sasa hivi jamani kurasa zimekatwa, Inspekta atainua kichwa, atauliza nani na lini na kwa nini, ndiyo kazi yake, na swali la pili litakuwa, Mama Mkasi, inakuwaje wewe ukate kitabu chako mwenyewe usione, na hakuna miwani duniani ya kujibu swali hilo, sio mbele ya watu, sio kwenye zamu yake ya kwanza... "Jamani," anasema Bi Harusi, "mwenzenu nitajidunga," na mimi nakohoa, na katika kukohoa nasikia sauti yangu inasema, "Joka likafungua kinywa, likakohoa."

Wanacheka. Wamecheka wote, hata Wifi, na Mama Mkasi anapiga meza kwa kiganja, "Nilijua," anasema, "kifua kile," na mimi macho yangu nimeyakaza kwenye gamba tupu nafuata mistari ambayo haipo kutoka kushoto kwenda kulia, likakohoa, na kisha, na kisha nini, njia ya mwongo ni fupi, mwalimu wangu alikuwa anasema hivyo akinitazama mimi, na si mara ya kwanza hii, Mungu anajua, nilikuwa na miaka tisa na bibi yangu ananiita nimsomee barua za baba, baba anafanya kazi mbali, na barua zake zilikuwa kavu, paa limetengenezwa, mbuzi amezaa, wasalaam, na bibi anangoja, ameegemeza kichwa ukutani anangoja, basi nikaongeza, "Mama yangu, jana nimekuota unaniogesha," ilinitoka tu, na bibi akafumba macho akasema, "Rudia hapo," nikarudia, na ole wangu nikikosea neno, alikuwa anakumbuka, "Mara ya kwanza hukusema hivyo," na tangu siku hiyo kila barua niliitia nyama, mpaka baba akaja likizo na bibi akamwambia mbele yangu, mwanangu, ile ndoto yako ya kuogeshwa, na baba akanitazama, mtazamo mmoja mrefu, mimi nimeganda na sahani mkononi, akasema, "Ndiyo, mama, niliota," na miaka thelathini nimeubeba ule mtazamo wake kama kosa, kwa nini nimeubeba kama kosa...

"Likakohoa halafu?" Inspekta huyo, na ninaona yuko anahesabu, joka, binti, mlinzi, mwana wa mfalme, mwizi mmoja kati yao, kila mwamba ngozi huvutia kwake, yeye anataka mwizi wake, Bi Harusi anataka harusi, Wifi anataka funzo, na Mama Mkasi anataka joka lipone, na mimi nina gamba lenye doa la chai, sawa, mwizi kwanza, Inspekta ndiye wa hatari nimlishe kwanza, nani, mwizi lazima awe wa ndani, na ufunguo uwe wapi, natazama chumbani kwa mwizi, natazama pasi, futi, chaki, natazama pindo mkononi mwa Wifi, na furaha inanipanda kutoka miguuni, kweli kabisa, nasikia inapanda, "Joka likamtazama mwana wa mfalme juu mpaka chini," nasoma, "likasema, kijana, koti zuri, lakini nani alikushonea pindo hilo, mbona linavuta upande mmoja?" na chumba kizima kinapiga kelele, Wifi ameangusha sindano, "Kaushona ufunguo kwenye pindo," anasema, "huyu mshenzi kaushona ufunguo kwenye pindo," na Inspekta anafunga macho kwa raha ya mtu aliyelipwa haki yake, "Nilisema," anasema, hakusema, "nilisema kikulacho ki nguoni mwako," na Mama Mkasi, ambaye anakutazama mara moja unapoingia mlangoni, hakupimi, anakata, na suruali inakukaa, Mama Mkasi ananyanyua kidole, "Chuma kwenye pindo la sufu," anasema taratibu, anawafundisha, "lazima livute, hata kipofu angeona," na mimi naendelea, siwezi kusimama sasa, binti wa mhunzi anachana pindo kwa kisu cha baba yake, ufunguo unaanguka juu ya jiwe, unalia, jeshi zima linausikia, na kijana mlinzi anatoka kwenye mstari, hatua moja, mbili, anaenda kusimama kando ya yule binti, anamshikia kisu, "Anamshikia kisu," anasema Bi Harusi kwa sauti ya chini, na pale sindano yake imesimama, nimeijua, sikuhitaji barua hata moja.

"Wewe," anasema Inspekta, "hujageuza ukurasa," na kweli, dakika nzima sijageuza, zaidi, nafanya kama nimejisahau, nalamba kidole, nageuza, nageuza nini, narudi nyuma na kugeuza polepole, naangukia ukurasa wa mia mbili na tano, na yeye ameinuka, anakuja kwenye kopo la vifungo lililo nyuma ya kiti changu, vifungo anavyo tele mapajani, anakuja kutazama, nasikia pumzi yake begani na siwezi kukifunika kitabu bila kujitia kitanzini, anatazama, ukurasa wa mia mbili na tano, ambapo binti yuko kisimani na hakuna jeshi wala koti, anausoma, Inspekta anasoma upesi kuliko mimi, kisha naona macho yake yanaenda kwenye msumari, yanakaa hapo, yanaenda kwa Mama Mkasi, yanarudi, huyu ndiye aliyewahi kunirudishia shati kwa kifungo kilichopinda upana wa unywele, sasa nimekwisha, na anachota kifungo kimoja koponi, anasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe herufi zenyewe ndogo hivi, una macho wewe, endelea," anarudi kukaa, anatunga uzi, na jinsi ninavyompenda saa hii, Inspekta, na upelelezi wake wote.

Ila Mama Mkasi ameyafuata yale macho. Ameyaona yalikokwenda, naye ametazama msumari, amekaa anautazama, kikucha, anakijua kile kikucha, kila sura ikiisha huwa namwonyesha kwa sababu anapenda kukigusa kwa kidole, na sasa kiko pale kwenye mfuko wa sare ya shule, na uso wake, sitaki kuutazama uso wake, nasoma haraka haraka, mwana wa mfalme amefedheheka, anageuza maneno, "Basi tema moto," anasema, "kama kweli wewe ni joka tema moto hapa mbele ya watu tuone," na kwa nini nimemwambia aseme hivyo, mpumbavu mimi, nimelitia joka pabaya nisipojua pa kulitolea, na Mama Mkasi anainuka, anakwenda msumarini kwa mwendo wa mtu anayefuata chaki, anashusha ule mfuko wa juu, anakuja nao umefunikwa na kiganja, anauweka gotini kwangu, "Hiki kimedondoka," anasema, na chini kabisa ya sauti, kwangu peke yangu, "Vingine viko pale, nikuletee?" na macho yake makavu yananiangalia sawasawa, hayana miwani wala kisingizio cha miwani, na mimi natazama chini, nausoma, mwisho wenyewe, mwisho wa kweli uliokatwa kwa umbo la mfuko, *...wala hapakutoka moto. Jeshi zima likacheka. Ndipo mikuki ikainuka, na mvua ikaanza kunyes...* na hapo mkasi umepita.

Mvua. Kumbe ni kizito. Kumbe muda wote huu tulikuwa ndani ya kitabu changu, kile ambacho ningekifunga taratibu na kuwatazama wenzangu kutoka juu, hamjui fasihi, joka limechekwa likafa na mvua inanyesha, mzuri, ni mwisho mzuri, aliyeuandika anajua kazi yake, na mimi siutaki, siutaki kama nguo ya mtu mwingine, kila nikiushika haunikai, huyu hakukaa nasi kwenye saa ya sindano, hakumwona Mama Mkasi akipiga meza kwa kiganja, kamwandikia mtu mwingine na huyo mtu nilikuwa mimi, mpaka leo saa nane na robo... nageuza mfuko upande wa pili, maandishi tena, lakini juu yake kuna chaki, duara moja kubwa, duara ndiyo kushoto na msalaba ndiyo kulia, alama zake mwenyewe, miaka yote tunashona kwa alama hizo na hajawahi kutukosesha, "Viache, Mama," nasema, "kimoja kinanitosha cha kuwekea alama," nauweka juu ya gamba, duara likinitazama, na nasoma hapo, pale kwenye chaki yake, baba, uliota, nami pia naota, ndiyo hivyo tu, sikuwa nadanganya mtu, nilikuwa nakata kwa kuangalia.

"'Moto sina,' likasema joka," nasoma, na nasikia uzi ukipita kwenye kitambaa, "'sikuwa nao jana, na kesho sitakuwa nao, nimechoka kusema leo upepo mbaya.' Na jeshi likavuta pumzi ili licheke, lakini binti wa mhunzi akatangulia kusema. Akasema, 'Moto tunao nyumbani, baba anao tangu asubuhi mpaka jioni, moto si kitu cha kukosekana. Jicho la kuona pindo linavuta wapi, hilo mji mzima hatuna. Wewe kaa, babu. Moto tutakuletea.'" Hakuna anayeshona. Bi Harusi anapangusa pua kwa kitambaa cha mteja na Inspekta anamwona anamwachia, Wifi anatikisa kichwa polepole, "Hapo sasa," anasema, "hapo kuna funzo, wifi yangu," na hajaniita wifi yangu kwa sauti hiyo tangu nilipoolewa, na harusi bado, harusi nitaifanya, dakika kumi zipo, nitamvisha binti gauni na Bi Harusi atalishona mwenyewe moyoni... lakini Mama Mkasi hajarudi kwenye meza yake, amesimama palepale kando ya kiti changu, mkono begani kwangu, ule wenye sugu ya mkasi, na ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho.

"Rudia hapo," anasema, "sikusikia vizuri."

Na narudia, tangu moto sina, neno kwa neno, na silikosi hata moja.